Deni la Nguo Kuukuu

Mtu anunuapo nguo aghalabu hujiuliza maswali mawili: itampendeza, na bei yake ataimudu? Swali la tatu, yaani nguo hiyo itakwenda wapi siku atakapoichoka, ni nadra kuulizwa. Si ajabu, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Walakini swali lisiloulizwa na mnunuzi halikosi kujibiwa. Hujibiwa na mtu mwingine, pengine katika nchi ya mbali, naye hugharimia jibu lake kwa fedha yake na kwa usafi wa mto wa mji wake. Kwa hiyo liko jambo la kupimwa kwa mizani ya haki: je, wajibu wa mtu juu ya nguo yake huisha pale aitoapo mkononi mwake?

Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu nguo ilikufa karibu na mwenyewe. Katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki maisha ya kanga ni mfano ulio wazi. Doti mpya ilivaliwa harusini na katika matembezi. Ilipoanza kuchakaa ikawa vazi la nyumbani na jikoni. Kisha ikawa mbeleko ya mtoto. Kisha ikapasuliwa kuwa winda. Na mwisho ikawa tambara la kuepulia chungu au kusugulia sakafu. Nyuzi zake za pamba zilipokwisha nguvu zilioza udongoni zisiache dhara. Yafaa kukiri kwamba desturi hiyo ilifundishwa na uhitaji kama ilivyofundishwa na wema. Nguo ilikuwa ghali, sindano ilikuwa karibu, na macho yaliyoona mwanzo wa nguo ndiyo yaliyoona mwisho wake. Ukaribu huo ulifanya kazi ya dhamiri.

Ukaribu huo umevunjwa na mambo mawili. La kwanza ni bei. Katika nchi tajiri shati jipya mara nyingi lina bei ndogo kuliko ujira wa fundi wa kulitia kiraka. Basi hesabu humwambia mtu atupe, hata kama moyo wake wapenda kutengeneza. La pili ni maumbile ya nguo yenyewe. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, ambayo asili yake ni mafuta yachimbwayo ardhini. Haiozi kama pamba, na kila ifuliwapo hutoa nyuzi ndogo mno ziendazo majini. Tena poliesta na pamba husokotwa pamoja katika uzi mmoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Hii ni sababu mojawapo ya nguo kuukuu zinazogeuzwa kuwa nguo mpya kutofika hata 1 katika kila 100.

Basi nguo nyingi zisizotakiwa hufanya safari. Hupewa mashirika ya hisani au hutiwa katika masanduku ya barabarani, huchaguliwa, hufungwa marobota, na kuuzwa ng'ambo. Afrika Mashariki huziita mitumba. Zamani palikuwa na waliozitania kwa jina la "kafa Ulaya", na katika Ghana jina lake, obroni wawu, lina maana ya nguo za mzungu aliyekufa. Majina hayo yana fikira moja: aliyeyabuni hakuweza kusadiki kwamba mtu aliye hai angeacha nguo nzima namna ile. Katika soko la Gikomba, Nairobi, mchuuzi hununua robota lililofungwa, akaona kilichomo baada ya kulipa. Akikuta nguo njema hupata faida. Akikuta zilizoraruka, zenye madoa, au zisizofaa hali ya hewa ya nchi, hasara ni yake. Zisizouzika huweza kuishia katika jalala la Dandora au kandokando ya Mto Nairobi. Hivyo mnyonge wa mwisho katika msafara mrefu wa wafanyabiashara hulipia kosa lisilo lake.

Mtu anaweza kuleta hoja hapa, nayo ni hoja ya kuheshimiwa. Atasema mitumba huwapa wengi stara, hulisha wachuuzi, mafundi cherehani, wapiga pasi na wachukuzi, na huirefushia nguo maisha. Kuipiga marufuku ni kumwadhibu mhitaji. Hayo ni kweli. Mwaka wa 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuikomesha ifikapo mwaka wa 2019, ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate nafasi. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na ruhusa ya kuuza nguo Marekani bila ushuru ikatiwa shakani. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia shauri lake, na mwaka wa 2018 nguo zake zikanyimwa ruhusa hiyo. Kisa hicho chaonyesha kwamba mpokeaji hana uhuru kamili wa kukataa. Na kitu kisichoweza kukataliwa bila adhabu hakistahili kuitwa zawadi.

Kutoa na kutupa ni matendo yanayofanana kwa mkono, yakatofautiana kwa nia. Atoaye humfikiri apokeaye. Hulifua shati, huhesabu vifungo vyake, hujiuliza kama yeye mwenyewe angekubali kulivaa. Atupaye hufikiri nafasi iliyojaa kabatini mwake. La kuvunda halina ubani, na jina la hisani haliondoi harufu yake. Mtengenezaji naye ana sehemu kubwa kuliko mnunuzi, kwa maana yeye ndiye aliyeuchagua uzi, akajua kilichomo, akapata faida ya kwanza. Apendaye boga hupenda na ua lake. Siku hizi husemwa sana kwamba nguo sharti zizunguke kama gurudumu. Ni neno jema, lakini kupita mikononi mwa wengi si kuzunguka. Mto nao hupita vijiji vingi, na mwisho wake ni bahari. Mduara hutimia pale mzigo wa mwisho unapomrudia aliyefaidi mwanzo.

Fikira hii imeanza kuingia katika sheria. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka wa 2007, iliwatwika wenye kuingiza nguo sokoni gharama za kukusanya na kuchagua zilizochakaa, na mwaka wa 2023 ikaanzisha msaada wa kumpunguzia ujira wa fundi mtu atengenezeshaye nguo yake. Mwaka wa 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka nchi zake zote ziwe na mpango wa kuwatoza watengenezaji. Kenya nayo, katika sheria yake ya taka ya mwaka wa 2022, imekubali kwamba mtengenezaji ana wajibu juu ya kitu chake baada ya kutumika. Walakini ada hutozwa mahali nguo iuzwapo ikiwa mpya, na nguo nyingi hufa mahali pengine. Ada ikibaki Paris na tambara likaenda Gikomba, haki imefika nusu ya njia. Haki timilifu ni kwamba fedha iifuate nguo. Robota lisilofaa lirudi kwa gharama ya aliyelifunga. Na uzi uchaguliwe kwa kufikiri mwisho wake. Mji wa Prato, Italia, tangu karne ya 19 umekuwa ukigeuza matambara ya sufu kuwa kitambaa kipya, nayo huchambuliwa kwa mkono, rangi kwa rangi. Kazi hiyo huwezekana kwa kuwa sufu hukubali kuchanwa na kusokotwa tena. Ufundi basi upo; kinachosumbua ni nani atakayekubali kulipa.

Bibi aliyepasua kanga yake kuwa winda hakuwa na neno la kisomi la kulieleza tendo lake. Alijua kwamba nguo ilikuwa yake tangu dukani hata jalalani. Walimwengu wa leo wamerefusha safari ya nguo, lakini hawakupewa ruhusa ya kufupisha wajibu. Umbali hauondoi deni; humficha mdai tu.