Mwenye Mali Asiyeruhusiwa Kufungua

Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilipoingia sokoni, kifuniko chake kilinyanyuliwa kwa mikono mitupu. Ndani mlikuwa na nafasi 8 za kuchomekea kadi za ziada. Steve Wozniak, aliyeibuni, alizing'ang'ania, ingawa Steve Jobs, mwanzilishi mwenzake wa Apple, aliona 2 zinatosha.

Macintosh ya 1984, kompyuta ya Apple iliyosimamiwa na Jobs, ilikuja imefungwa. Skrubu zake zilikuwa za Torx, zenye tundu la umbo la nyota, mbili zimezama ndani kabisa penye mpini, na bisibisi ya kawaida haikuzifikia. Kumbukumbu yake, kilobaiti 128 tu, ililehemiwa kwenye bodi. Ajabu ni kwamba upande wa ndani wa kasha ziliwekwa saini za walioiunda, mahali ambapo mnunuzi hakutarajiwa kutia jicho.

Je, huyo aliyelipa ni mmiliki au mpangaji?

Wanasheria wa mapokeo ya Kirumi waliigawa milki mara tatu: kutumia, kuchuma matunda yake, na kuitoa au hata kuiharibu. Mwenye Macintosh alikuwa na haki zote tatu. Alichonyimwa ni kukijua kilicho chake, na haki hiyo haimo katika orodha.

Jobs ana utetezi, tena si wa kupuuzwa: wengi hawataki kujua kilichomo, wanataka barua ichapwe. Sawa, lakini asiyetaka kufungua hadhuriwi na skrubu ya kawaida.

Haki hiyo imeanza kutazamwa upya: tangu Januari 2021 Ufaransa inataka kompyuta mpakato ziuzwe na alama ya urahisi wa kutengenezeka, kati ya 10. Mwaka huohuo kampuni ya Framework ya Marekani ilianza kuuza mpakato wake, bisibisi ikiwa ndani ya boksi.