Mizuka Inayochekesha na Mbwa Mwitu Anayeliza

Wako watu wa insafu wanaoamini kuwa hadithi za mizuka na sinema za watu wanaogeuka wanyama ni upuuzi usiostahili kumpotezea mtu mzima wakati wake, na kwa miaka mingi mimi nami nilikuwa katika safu yao. Lakini masika moja, mvua ilipokuwa imenifungia ndani na kazi zimepungua, nilisoma kitabu kimoja cha namna ile ya kwanza na kutazama filamu moja ya namna ile ya pili katika juma moja, vikaanza kushindana kichwani mwangu kama wadai wawili mbele ya kadhi. Kitabu ni Topper, riwaya ya Mmarekani Thorne Smith iliyochapishwa mwaka 1926. Filamu ni The Wolf Man, ya kampuni ya Universal ya Hollywood, iliyotolewa Desemba 1941, siku tano baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor. Shauri lenyewe lilikuwa hili: mja ana dhima gani juu ya matendo yake, na nafsi yake husalia na nini baada ya kuachana na mwili?

Nianze na filamu, kwa kuwa ndiyo iliyonishika upesi. Larry Talbot, mwana wa kabaila, anarejea kwao Wales baada ya miaka 18 ya kukaa Marekani, kwa kuwa kaka yake amefariki. Na hata hajazoea hewa ya kwao, usiku mmoja anasikia ukelele wa mwanamke msituni, anakimbilia kumwokoa, anamuua mbwa mwitu kwa bakora yenye kichwa cha fedha, na katika pambano hilo anaumwa. Maiti inayookotwa pale si ya mnyama bali ni ya mtu, mpiga ramli wa Kijipsi. Tangu hapo jeraha lile linamgeuza Talbot usiku, akatoka na kuua, kisha linamrudishia akili zake kamili asubuhi ili azitumie kuzikagua nyayo za mnyama chumbani mwake mwenyewe. Mwenye kupenda kucheka hakosi pa kuchekea: baba anaigizwa na Claude Rains, mtu wa kimo kifupi na matamshi ya mabwana, ilhali mwana ni Lon Chaney mdogo, pandikizi la mtu asemaye kama mchukuzi wa mizigo wa Marekani, hata ukajiuliza mama alikuwa nani, na manyoya aliyobandikwa usoni na fundi Jack Pierce ni ya yaki, ng'ombe wa milima ya Tibet. Mimi nilicheka alipoanza kunyatia ukunguni kwa ncha za vidole. Baada ya hapo sikucheka tena.

Kilichonikata kicheko ni kisa cha kanisani. Talbot anaingia ibadani kama waingiavyo wengine, na waumini, mmoja baada ya mmoja, wanageuza shingo kumtazama, mpaka mahali pote pamekuwa macho matupu. Naye anasimama pale nyuma, hawezi kwenda mbele wala kukaa, kisha anatoka. Mtu huyu ana kosa gani? Mafakihi wetu hufundisha kuwa taklifu humwondokea aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na majununi mpaka akili imrudie. Na kwa kipimo hicho Talbot wa usiku hana la kuandikiwa. Lakini Talbot wa mchana ni mukallafu kama mimi na msomaji wangu, tena anajua usiku utamfanya nini, na kwa hiyo analazimika kuukinga. Naye, kwa sifa yake, anajaribu. Anataka kuuhama mji. Anaposhindwa, anakubali baba yake amfunge kwenye kiti, na anamsihi mzee huyo, asiyeamini hata chembe ya jambo hili na kuliita maradhi ya fikira, aichukue ile bakora ya fedha atokapo kwenda msituni.

Mzee anaichukua, na msituni anakutana na mnyama amemshika binti wa watu, anampiga mpaka anamuua, kisha mnyama anageuka mbele yake na kuwa mwanawe. Sheria inalo fungu la kuua kwa kukosea: iko diya kwa warithi wa maiti, na iko kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hilo hufunga miezi miwili mfululizo. Lakini diya hiyo ailipe nani, na apokee nani, pale muuaji na mwenye kufiwa ni mtu mmoja?

Huruma hiyo yote ilinifanya nisiione mapema ila ya filamu hii, na ila yenyewe ni kuwa uovu ndani yake hutoka nje. Huja kwa jino la mwingine, humwingia mtu mwema aliyekuwa akitenda jema, na mwisho bibi mzee wa Kijipsi anasimama juu ya maiti na kumtakasa. Sitamlaumu mtunzi. Curt Siodmak alikuwa Myahudi aliyeihama Ujerumani baada ya Hitler kushika utawala mwaka 1933, na katika hadithi yake anayekaribia kuuawa huonekana nyota kiganjani, nyota ya pembe tano, na filamu ilitoka mwaka 1941, mwaka uleule ambao Wayahudi wa Ujerumani walilazimishwa kushona nyota ya pembe sita kifuani. Aliyewaona majirani zake wakigeuka kwa muda mfupi namna ile ana haki ya kuamini kuwa uovu ni kitu kinachouma na kuambukiza. Hata hivyo majirani wale hawakuumwa na mtu.

Ama kitabu, nilikipokea kwa dharau. Bwana Topper ni mtu wa benki, anakaribia miaka 40, ana mke mwenye tumbo lisilokubali chakula na paka mmoja anayempenda, na maisha yake huenda kwa saa ya treni. Ananunua gari lililotengenezwa upya baada ya ajali iliyowaua mume na mke wa anasa, George na Marion Kerby, waliolipiga mtini. Na marehemu hao, ambao hawajaliachilia gari lao, wanamtokea, wanamnywesha, wanamchezesha, wanamfanya agombane na polisi, haya yote katika miaka ambayo kuuza ulevi Marekani kulikuwa haramu kwa katiba. Yumo hata mbwa mzuka, Oscar, ambaye hawezi kudhihirika mwili mzima, na mara nyingine huonekana mkia tu ukitikisika hewani. Nilicheka hadi nikaitwa na wa chumba cha pili kuulizwa kama ni mzima.

Nililolikataa katika kitabu hicho lilikuwa jambo la itikadi. Nilisema, hawa wamekufa bila barzakhi, bila maswali ya kaburini, bila hesabu. Mauti kwao ni kama kuhama mtaa. Usiku nilipolala ndipo neno la darsa za utotoni liliponirudia, kwamba mja hufufuliwa katika hali aliyofia. George na Marion walikufa wakiwa na kiu na haraka, na sasa wana kiu na haraka bila mwili wa kuchoka. Hakuna aliyewauma. Hakuna bibi wa kuwatakasa, kwa kuwa hawana jeraha la kuoneshwa. Thorne Smith, aliyekuwa akitafuta kicheko tu, alikuwa ameandika adhabu nisiyoikuta katika filamu ile ya ukungu na damu: mtu kuachiwa milele kile alichokichagua. Na Topper, aliye hai, aliwapenda.

Kwa hukumu yangu, basi, filamu ni bora kwa sanaa na kitabu ni kikali zaidi kwa maana, ijapokuwa mwenyewe mwandishi angeshangaa kuambiwa hivyo. Tangu masika yale filamu nimeitazama mara tatu. Kitabu kipo rafuni, na sijakifungua tena.