Una Nini Nyumbani?

Andiko la wiki: 2 Wafalme 4:1-7

Mliokuwa ibadani mtakumbuka niliwaomba mgeuke mumwulize jirani, "Una nini nyumbani?" Wengi walicheka. Mama mmoja hakucheka, na mimi nilijua ni kwa nini.

Jumanne moja usiku mama huyo alinipigia simu. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina tuliache. Alisema, "Pastor, nimeloweka wimbi." Akanyamaza. Mtu aliyelelewa kwingine angeuliza, wimbi la nini? Mimi sikuuliza. Mimi ni mtoto wa mama pima. Nililelewa kando ya beseni kama hiyo, kijijini Kakamega.

Wengi wetu hatujui vile pombe ya nyumbani huanza. Tunaijua siku ya harufu. Wacha niwaambie. Wimbi linalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, kisha linafunikwa kwa gunia lenye unyevu. Siku mbili tatu likichipuka, linaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi nao unakandwa na maji, unafunikwa mpaka uchachuke, halafu unakaangwa juu ya bati mpaka uwe kahawia. Vyote viwili vinaingia kwenye pipa la maji. Baada ya siku chache povu linapanda, pipa linaongea lenyewe, na wazee wanafika na mirija yao. Hiyo ndiyo busaa.

Kazi yangu ilikuwa kunyunyizia gunia maji. Kaka yangu alichota maji mtoni na kutafuta kuni. Sasa niambieni, dhambi iliingia hatua gani? Wimbi ni la Mungu. Mahindi ni ya Mungu. Hata povu hakuna mtu alilitengeneza kwa mkono. Ukingoja mpaka uone kitu kibaya kwa macho, utakuwa umechelewa siku saba.

1. Pipa lilianza na deni

Mama yangu hakuwa mlevi. Sijawahi kumwona akinywa. Baba alipofariki aliacha deni dukani, watoto wanne, na karo ya shule. Mama aliuza kuku, akauza mbuzi, akauza baiskeli ya baba. Zilipoisha za kuuza ndipo akaloweka wimbi.

Kanisa letu la kijijini lilipopata habari, wazee walikuja watatu wakiwa na Biblia. Wakamtoa katika kwaya. Sisemi walikosea kukemea pombe. Mimi pia naikemea. Lakini siku kuku walipouzwa hakuna mzee aliyekuja. Siku baiskeli ilipopita njiani ikisukumwa na mwenyewe mpya, watu wa kanisa waliiona, wakasema, "Maskini," wakaendelea na safari. Tulifika kwa mjane pipa likiwa tayari. Siku ya kuloweka hatukuwepo.

2. Pipa halikai pale ulipoliweka

Mama alisema ni busaa tu, na ni ya muhula mmoja tu. Wapendwa, hilo neno "tu" limezika watu. Wateja walitaka kitu kikali zaidi, na busaa huharibika haraka. Mwaka wa pili mtambo wa chang'aa ulikuwa umefungwa kule nyuma ya migomba. Wakati huo chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya 1980, kwa hivyo tukaanza kulala tukisikiliza askari. Mara mbili mama alilala korokoroni. Pesa zilizokuwa za karo zikawa za faini.

Siku hizi watu huniambia, "Pastor, si ilihalalishwa?" Ni kweli, sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa, lakini kwa leseni na masharti yake, si ile ya nyuma ya migomba. Na mnakumbuka Novemba 2000 hapo Nairobi, pombe yenye sumu ya methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika siku chache. Wengine walibaki vipofu. Walionunua walidhani wananunua ile ya kila siku.

Lakini kwetu haikuua kwa sumu. Iliua polepole. Kabla ya kuuza, lazima mtu aonje. Mama haonji. Mimi nilikuwa mdogo. Kwa hivyo kaka yangu ndiye aliyeonja, tangu akiwa na miaka 14. Kijiko kimoja, halafu kikombe. Karo yangu ililipwa na nikamaliza shule. Kaka yangu aliyenichotea maji hayo tulimzika akiwa na miaka 31. Ninaposimama hapa mbele nikiwa na tai, mjue kuna mtu alilipa.

Mama hakuwahi kusema lolote kuhusu hilo. Lakini hadi alipookoka na hadi alipolala, hakupika tena uji wa wimbi nyumbani kwake. Alisema harufu inamrudisha.

3. Elisha aliuliza swali

Mwangalie yule mjane katika andiko letu. Mume wake alimcha Mungu, na bado alikufa na deni. Mdai yuko mlangoni, anataka kuwachukua wale wavulana wawili wawe watumwa. Mama huyo angeweza kuanza chochote usiku ule. Nabii hakumhubiria kuhusu mambo ambayo hajafanya. Alimwuliza anachoweza kumfanyia, na alicho nacho nyumbani. Mafuta kidogo kwenye chombo, basi! Halafu akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, na si vichache.

Hapo ndipo nataka tusimame. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini vyombo vilikuwa vya majirani. Mafuta yalikoma vyombo vilipoisha. Kama majirani wangesema, "Huyo mjane tumemchoka," mafuta yangeishia wapi? Haleluya?

Kwa hivyo usiku ule wa simu sikumkemea mama yetu. Nilimwuliza, "Mama, deni ni la nini?" Ilikuwa karo na kodi ya miezi miwili. Halafu nikamwuliza, "Una nini nyumbani?" Akasema, "Si nimekwambia, Pastor. Wimbi."

Kesho yake akina mama watatu wa maombi walienda kwake. Wimbi lilikuwa limeshaanza kuchipuka. Hawakulimwaga. Walilianika, likasagwa. Mnaolea watoto mnajua kwamba unga wa kimea kidogo hulainisha uji mzito na kuutia utamu. Mmoja akaleta gorogoro mbili za wimbi kavu, mwingine thamosi mbili, wa tatu vikombe na beseni ya kuoshea. Vyombo vya majirani! Ijumaa saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa stejini akiuzia makondakta uji.

Siku ya kwanza aliuza vikombe 11. Jana ameniambia vikombe 34. Sitawadanganya, si pesa za chang'aa. Kodi bado anadaiwa mwezi mmoja. Shule imekubali alipe karo kidogo kidogo, na mtoto yuko darasani. Lakini hakuna kijana anayeonja uji kisha akazikwa akiwa na miaka 31.

Ya kufanya wiki hii

Kama umeloweka, au unafikiria kuloweka, njoo kabla halijachipuka. Na kama pipa tayari linachemka, njoo vilevile. Mlango wa ofisi uko wazi Jumatano, na hakuna mtu atakutoa kwaya kwa sababu ya kusema ukweli.

Kama huna deni, usiringe. Tembea nyumba tatu za washirika wa mtaa wenu. Usiende kunusa. Angalia ni nini kimeuzwa: redio iko? Kuku wako? Watoto wako shuleni? Halafu uliza kama Elisha.

Kama una chombo kitupu nyumbani, sufuria, thamosi, mkokoteni, hata meza, kilete Jumapili. Kuna mafuta yanangoja.

Tuombe

Baba, tusamehe kwa siku tulizofika tumechelewa. Mkumbuke kila mama ambaye usiku huu anahesabu karo gizani. Fungua macho yetu tumwone kabla deni halijamsukuma kwenye beseni. Wafungue waliofungwa na pombe, walio nyumbani mwetu na walio njiani. Na utupe mikono ya kuazima vyombo. Katika jina la Yesu, Amina.