Gundi au Kifungo?

Hivi ni haki kutengeneza kitu ili kiharibike upesi?

Dada yangu anatengeneza vibanio vya nywele. Kibanio anakivika kitambaa, halafu anashonea kile kifungo cha chuma cha kubana, upande wa jike. Upande wa dume unakaa nyuma ya pambo: ua la kitenge, kauri, duara la kifuu. Unabandua, unabandika. Kibanio kimoja, mapambo matano. La harusini limo, na jeusi la msibani limo.

Mwenye duka mmoja akamcheka. "We binti, utakufa maskini! Tia gundi. Ua likichakaa watatupa vyote, watarudi kununua." Nami, mfuko mtupu, nikamuunga mkono.

Dada akaniuliza, "Kikuba je?" Nikanyamaza. Sisi wa Pwani tunakijua: asumini na rehani, vinafungwa pamoja, vinabanwa kwa pini. Kesho maua yamenyauka, yanatupwa, pini inabaki. Na muuza vikuba kesho anauza tena.

Utasema, kila kitu kina mwisho wake. Kweli. Lakini asumini inanyauka kwa maumbile yake. Kibanio cha gundi kinakufa kwa mpango wa mtu, na mnunuzi hakuambiwa. Hapo ndipo biashara inapogeuka hila.

Kodi ya chumba bado tunadaiwa, sikufichi. Gundi ipo mezani, haijafunguliwa.

Ungekuwa wewe, ungeifungua?