Oili Nzito

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, Mama hakunihubiria. Alinipa bonasi yake ya majani chai ninunue nduthi. "Usizichezee," akasema. Basi. Nikashuka Chepilat.

Kama hujapita huko, Chepilat ni soko lililokalia mpaka wa Bomet na Nyamira, kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii. Sisi tuko upande huu, Wakisii upande ule, na pikipiki kuukuu zinauzwa pande zote mbili.

Nilijiandaa. Nilifika mapema, kabla muuzaji hajaipasha injini moto, maana injini moto haikuonyeshi inavyosumbua asubuhi. Nililinganisha nambari ya chesisi na ya logibuku. Nikaangalia meno ya sproketi kama yamechongoka. Nikachungulia moshi: ukiwa wa buluu, injini inakula oili. Ikawaka kwa kiki ya pili. Moshi hakuna. Nikalipa elfu sabini.

Wiki ya tatu nikabadilisha oili, nduthi ikaanza kufuka kama jiko la kuni mbichi. Fundi akacheka. Ringi za pistoni zimeisha, akasema, na aliyekuuzia alitia oili nzito. Oili nzito huzuia moshi kwa muda, siku za kutosha kuuza.

Nikamrudia muuzaji, mzee wa upande ule. Hakukana. "Kijana, uliniuliza habari ya oili?"

Sikuwa nimeuliza.

Swali lake ni la kale kuliko pikipiki. Mwaka 44 KK, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu, na humo akawapambanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu. Je, aseme? Antipater: lazima. Diogenes: nani alikulazimisha kununua? Kunyamaza si kuficha. Cicero mwenyewe aliona kwamba unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo linalomgusa.

Nilitaka kumkataa Diogenes haraka, lakini ngoja. Mimi pia nilinyamaza siku ile. Mfukoni nilikuwa na elfu themanini na tano, na sikumwambia mzee. Kwa nini kimya changu kiwe ujanja wa soko na chake kiwe dhambi?

Nimelizungusha sana hilo. Pesa iliyobaki mfukoni ilikuwa yangu kabla ya mauzo, ikabaki yangu baadaye. Zile ringi zilikuwa zake hadi nilipolipa, kisha zikawa shida yangu. Alichonyamazia ndicho kitu chenyewe nilichokuwa nanunua. Tena oili nzito si kimya. Ni uongo uliosemwa kwa mikono.

Nyumbani majirani walikuwa na jibu fupi zaidi: "Si ulijua wale watu?" Hapo ndipo nilipoogopa. Mpaka huu uliwaka moto baada ya uchaguzi wa 2007, na watu walifukuzwa makwao. Hapa kwetu, mzee mmoja akikuuzia ringi zilizoisha, anashtakiwa kabila zima.

Mwishowe ilibidi niuze. Fundi, mtu wa kwetu kabisa, akaniambia, "Tutie nzito, umpelekee wa ng'ambo. Si ndivyo walivyokufanyia?" Kumbe mbinu haina kabila. Na nitakuwa muongo nikisema sikufikiria. Pesa ilikuwa ya Mama.

Mnunuzi alikuja, kijana wa rika langu kutoka upande wa Nyamira. Kabla hajaigusa nikamwambia, "Inakula oili. Ringi zimeisha." Akanitazama vibaya, kama mtu anayejiuliza: huyu akikiri hili, anaficha lipi kubwa zaidi? Tulivutana. Nikachukua elfu arobaini na nane.

Kizuri chajiuza, wanasema, kibaya chajitembeza. Ukweli wangu haukujiuza. Ulinigharimu elfu ishirini na mbili, na Mama bado ananidai.

Juzi nilimwona yule kijana stejini Chepilat, amebeba abiria wawili. Moshi hakuna. Labda alitengeneza ringi. Labda ameshapata fundi wa oili nzito, na kuna mwingine anayekuja na bonasi ya mamake. Nilimpungia mkono. Sikuuliza.