Fungu la Mungu na Unga wa Watoto

Katika Kata ya Ngenge, upande wa tambarare wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, pesa haina tarehe ya mwezi. Huja mpunga au mahindi yakishavunwa, hukaa siku chache, kisha huchukuliwa na madeni yaliyokuwa yakiisubiri. Kwenye vilima vya Bukoba na Muleba vinavyotazama Ziwa Victoria, mwenye kalenda ni kahawa ya robusta, ambayo msimu wake hufunguka kuelekea Mei. Mwaka wa kanisa haufuati mavuno. Kwaresima na Pasaka huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati akiba ya nafaka imekwisha, madeni ya kufungua shule Januari bado yanalipwa, na kazi iliyopo shambani ni palizi ambayo malipo yake yako miezi mbele. Wakati huohuo kadi ya zaka hukaguliwa, ahadi ya ujenzi hukumbushwa, na jumuiya hupanga mchango wa sikukuu. Nyumba yenye mishahara miwili hulipa na kuendelea. Kwa mama anayelea watoto peke yake, kwa bibi aliyebaki na wajukuu, kwa baba aliyefiwa na mke, hapo pana swali la imani lenyewe: fedha isipotosha, fungu la Mungu litoke kabla ya unga wa watoto au baada yake? Jibu langu ni kwamba litoke baada, na kwamba mzazi anayepanga hivyo anamtii Mungu.

Wanaohubiri ukarimu mara nyingi wana picha ya kaya ya zamani. Kaya ya Kihaya ilikuwa na kibanja: migomba na kahawa pamoja, maharage chini yake, nyumba katikati. Kibanja kilitoa ndizi za kupika mwaka mzima, na fedha ya kahawa ikabaki kwa kodi, nguo, shule na sadaka. Aliyetoa kanisani alitoa kutoka mfuko ambao haukuwa wa chakula. Mpangilio huo umevunjika. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliondoa wazazi vijana na kuacha wajane, wagane na bibi wenye watoto wachanga mgongoni. Mnyauko wa migomba, uliothibitishwa mkoani mwaka 2006, uliangusha vibanja vilivyokuwa vimelisha vizazi. Na si kila mama anayelea peke yake ana kibanja. Haki ya mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo aliloachiwa kwa wosia ilibidi ipiganiwe hadi Mahakama Kuu, na ikapatikana kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya katika kesi ya Holaria Pastory mwaka 1990. Aliyeachika au aliyezalia nyumbani kwao huenda analima kipande cha kukodi, au anapalilia mashamba ya wenzake kwa ujira wa kutwa. Ada za sekondari za serikali hadi kidato cha nne zilifutwa kuanzia Januari 2016, na huo ulikuwa msaada wa kweli, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki mlangoni kwake. Jambo lililobadilika kuliko yote ni kwamba chakula chenyewe sasa kinanunuliwa, na sadaka na unga vinatoka mfuko mmoja.

Chukua mfano wa hesabu. Mama mwenye watoto wanne anapata, kwa wastani wa mwaka, shilingi 60,000 kwa mwezi; jirani yake mwenye mshahara anapata 1,000,000. Kila mmoja akitoa fungu la kumi, mama anabaki na 54,000 na jirani anabaki na 900,000. Kiwango ni kilekile, uzito sivyo. Laki moja ya jirani imetoka kwenye kile ambacho kingekuwa akiba au starehe, na 6,000 ya mama ni unga wa siku kadhaa. Siku hizo kadhaa zitazibwa na nini? Vilimani upo mlango ambao haufungwi kamwe, nao ni butura: kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa maua au ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Serikali imepiga marufuku na kukemea, na butura bado ipo, maana njaa ya Machi haisubiri mnada. Palipo na vikundi vya mikopo ya haraka kuna kausha damu, na jina lenyewe linatosha. Sasa, ikiwa pengo lililoachwa na sadaka ya Pasaka limezibwa kwa butura, sadaka hiyo imegharimu zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kadi, na ile tofauti imeingia kwa mlanguzi. Mhubiri hakuikusudia, lakini ndivyo fedha inavyotembea kijijini, na mafundisho ya utoaji yasiyojua fedha inavyotembea hayajakamilika.

Maandiko yenyewe yanajua. Katika sura ya nne ya Wafalme wa Pili, mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii anamwendea Elisha: mume amekufa, deni limebaki, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Hiyo ni kaya ya mzazi mmoja katika dhiki iliyo wazi kuliko zote katika Biblia. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta. Mafuta yanapoongezeka, nabii anampa mpangilio wa matumizi: auze, alipe deni, kisha yeye na watoto waishi kwa kinachobaki. Ni bajeti kamili, imetolewa na mtu wa Mungu baada ya muujiza wa Mungu, na haina fungu la nabii wala la hekalu. Ningependa sura hiyo isomwe makanisani kila inaposomwa Malaki sura ya tatu, ile inayodai zaka. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliowaruhusu watu kuweka wakfu kwa Mungu mali iliyopaswa kuwatunza wazazi wao, na anasema kwamba kwa kufanya hivyo wanaitangua amri. Kosa analolitaja halihusu wazazi peke yao. Mali inayodaiwa na mtu mnyonge aliye chini ya ulinzi wako haiwi yako ya kumpa Mungu. Ikiwa hairuhusiwi kumpa Mungu chakula cha mzee, itaruhusiwaje kumpa chakula cha mtoto wa miaka minne ambaye hana mahali pengine pa kudai?

Nitajibiwa kwa mjane wa senti mbili. Huyo, katika Marko 12, alitoa riziki yake yote, na Yesu akasema ametoa kuliko matajiri wote. Ni kweli, na heshima yake haipaswi kupunguzwa hata kidogo. Lakini tusome kilichoizunguka habari hiyo. Muda mfupi kabla yake Yesu ametoka kuwahukumu walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane na kuficha hilo kwa sala ndefu. Mara baada yake anatoka hekaluni na kutabiri kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mjane amewekwa katikati ya hukumu mbili. Yesu anawaita wanafunzi waone moyo wake, na papo hapo wanaona mfumo uliopokea senti zake za mwisho bila kumuuliza atakula nini. Hakumwagiza yeyote akawafundishe wajane wengine kufanya vivyo hivyo. Na hakuna mtoto anayetajwa. Mtu mzima anaweza kuutoa mlo wake mwenyewe kwa imani. Hiyo ni hiari yake na huenda ni utakatifu. Kuutoa mlo wa mwanawe ni jambo la namna nyingine, kwa kuwa mwana hakuulizwa.

Mjane wa Sarepta ni hoja ngumu zaidi, maana yeye alikuwa na mwana, alikuwa na konzi ya mwisho ya unga, na Eliya alimwambia amwandalie yeye kwanza. Sitaki kuikwepa. Ila Eliya hakuwa akichangisha. Alikuwa mkimbizi mwenye njaa katika ukame uleule, na aliomba mkate mdogo kwa ahadi mahsusi kwamba unga hautaisha mpaka mvua inyeshe. Kisha akabaki katika nyumba ile, akala pamoja nao, na mtoto alipokufa akamlilia Mungu mpaka uhai ukamrudia. Aliyepokea aliifunga hatima yake na ya kaya ile. Mhubiri anayetaka kutumia maneno ya Eliya inampasa akubali na wajibu wa Eliya: awepo nyumbani humo pipa linapokwanguliwa chini.

Waislamu wa Bukoba na Muleba wana jambo ambalo Wakristo wa Kagera wangefaa kulitafakari. Zaka ya mali ina nisabu, kiwango ambacho mtu akiwa chini yake hadaiwi. Kwa fedha kinapimwa kwa dinari 20, takriban gramu 85 za dhahabu. Aliye chini ya nisabu hahitaji kujieleza, na akiwa fakiri au maskini yumo miongoni mwa wanaostahili kupokea. Matunzo ya watoto ni wajibu wa baba, na anayetumia kwa ajili ya wale walio chini yake huhesabiwa kuwa ametoa sadaka. Hapo sheria ya dini imetambua kwamba ipo sakafu ambayo mtu asidaiwe chini yake, na imeitaja sakafu hiyo kwa kipimo. Kanisa Katoliki nalo hufundisha kwamba waamini wasaidie mahitaji ya Kanisa kila mmoja kadiri ya uwezo wake, lakini uwezo usio na kipimo huachwa upimwe na aibu ya mtu siku majina yanaposomwa.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine linatoka kwa wazazi hao wenyewe. Wanasema: mkituondolea wajibu wa kutoa, mtatufanya ombaomba, mtu asiyechangia hana sauti kikaoni. Hili lina ushahidi mzito. Mchumi Joachim De Weerdt alichunguza kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Kagera, mwaka 2000, akiuliza kila mtu anamtegemea nani apatapo shida. Ukoo, ujirani, dini na mali viliamua nani anaunganishwa na nani, na kaya maskini zilikuwa na mtandao mdogo kuliko tajiri. Aliyehitaji msaada zaidi ndiye aliyekuwa na watu wachache wa kumwendea. Kwa mzazi pekee, basi, kukosa mchango wa chama cha kuzikana au wa kikundi cha akiba kunaweza kuwa ghali kuliko kukosa nyama mwezi mzima, maana siku ya msiba au ya homa ya mtoto ni kikundi kitakachokuja na kuni, ndizi na nauli ya hospitali. Kwa hiyo naitenga michango hiyo na sadaka. Mchango wa kuzikana ni sehemu ya matunzo ya watoto, na mahali pake ni karibu sana na unga. Sadaka ya ibada ibaki kuwa tendo huru: sarafu moja, mkungu mmoja mwaka ambao migomba imezaa, siku moja ya kufagia kanisa. Utu wa mtoaji haupimwi kwa tarakimu. Unavunjwa na daftari linalosomwa mbele ya watu, na pia kadi inayodaiwa kabla ya mtoto kubatizwa au maiti kuombewa. Vitu hivyo viwili vinaweza kuachwa Jumapili ijayo bila kusubiri waraka wa mtu yeyote.

Lakini kanisa litaendeshwaje? Ukristo wa Buhaya, tangu misheni ya Kashozi ya mwaka 1892, umesimama kwa mikono ya wakulima, na ni nchi hiyo ya wakulima iliyompa ulimwengu Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, mwaka 1960. Naliheshimu hilo. Walakini ugomvi wa kwanza wa fedha katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, ulihusu wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume waliutatua kwa kuwaagiza waumini wachague watu saba wa kuusimamia. Fedha ilikuwa ikienda kwa wajane. Mahali ambapo mkondo umegeuzwa, matofali ya mnara yanaweza kusubiri.

Na katika kuuliza nani anampa Mungu kisicho chake, macho yetu yameelekezwa kwa mtu asiyestahili. Nyuma ya nyumba nyingi za mzazi mmoja yupo mzazi mwingine aliye hai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja: matunzo ni wajibu wa wazazi wote wawili, na mahakama inaweza kumwamuru asiyetunza alipe. Wengi wanaolea peke yao hawafiki mahakamani, kwa umbali, kwa nauli, kwa kuogopa maneno ya ukoo. Mzazi huyo aliyeondoka mara nyingi ni muumini mahali fulani, Mwanza, Geita au Dar es Salaam. Ana kadi, ana bahasha yenye namba, labda ni mzee wa kanisa au mfadhili wa kwaya, na anachotoa hupokewa kwa makofi. Marko 7 inamhusu yeye moja kwa moja: ameweka wakfu chakula cha wanawe. Parokia na sharika zina kile ambacho mama wa Ngenge hana, yaani wachungaji wanaofahamiana, barua za uhamisho, majina ya jumuiya za pande zote mbili. Kiongozi wa dini anayejua kuandika barua ya kumkumbusha mjane ahadi ya ujenzi anaweza kuandika barua ya pili, kwa mwenzake wa mjini, kuuliza kama mtoaji wao mkubwa ana watoto Muleba na mara ya mwisho aliwatumia lini.