Mtumba na Kilichomo

Neno "mtumba" limekuwa jepesi mdomoni. Anayelitamka leo huona robota limekatwa kamba sokoni, watu wameinama, mikono inachambua. Biashara hiyo ilistawi Tanzania Bara na Visiwani tangu milango ya uagizaji ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na vijana wengi hudhani neno lilikuja na meli zilizoleta nguo. Sivyo. Kamusi za kale zinaeleza kuwa mtumba ni furushi la bidhaa, hasa nguo, lililofungwa kwa kadiri ya bega la mpagazi mmoja, ratili sitini au sabini hivi. Lilibebwa kutoka Bagamoyo hadi Tabora, mji ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1857 wakauandika kwa jina la Kazeh, na kutoka Tabora hadi Ujiji, ukingoni mwa Tanganyika.

Miongoni mwa wanaoinama juu ya robota la leo wapo wenye jicho la pekee. Hawa hawatafuti vazi la Idi. Wanatafuta koti la mshono uliokwisha kusahauliwa, au kanga ya nakshi isiyochapwa tena, wapate kumuuzia mkusanyaji anayejua thamani yake. Ni kazi ya halali na yataka elimu: kujua pindo, kujua uzi, kupapasa kitambaa na kutaja umri wake. Lakini kazi hiyo ina swali ndani yake. Muuza nguo kuukuu auza nini? Nguo, au yule aliyekuwamo?

Katika njia ya misafara nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. (Mwanamke anayenunua doti ya kanga hivi leo anatumia kipimo cha msafara bila ya kujua.) Kwa doti mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa ujira wake, kwa doti watemi walipewa hongo, na kwa doti zilinunuliwa pembe na, aghalabu, watu. Palikuwa na kaniki na sahari, debwani na barsati, na johari za wakubwa kama joho lililodariziwa. Lakini nguo iliyotawala ilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuletwa Unguja na majahazi ya Salem, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini ya nchi hiyo. Basi nguo iliyotoka katika utumwa wa bara moja ilikwenda kununua watumwa katika bara jingine, na aliyeishika katikati ya njia hakuona ila weupe wake.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliikata. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilichukua nafasi yake, na watu wakaendelea kuziita merikani vilevile. Mkusanyaji anayeshikilia uhalisi na aanzie hapo, aone taabu yake.

Sasa itazamwe ajabu hii. Merikani iliingia kwa maelfu ya magora. Joho lilikuwa la wachache. Lakini anayetaka kuona joho la kale ataliona, kwa kuwa lilikunjwa, likatiwa udi, likarithiwa. Merikani ya mpagazi ni adimu mno. Ilivaliwa hadi ikachakaa, ikawa kitambaa cha kubebea mtoto, ikawa utambi, na mara nyingine ikawa sanda. Uadimu, ambao sokoni huhesabiwa kuwa ndugu wa thamani, hapa ni ndugu wa ufukara. Kabati la mkusanyaji, hata akiwa mkweli kiasi gani, humsimulia mgeni kwamba zamani watu walivaa hariri.

Atajibu kwamba kosa si lake, kwani hawezi kukusanya kisichokuwapo. Jibu hilo lina haki, na lingetosha kama merikani ingekuwa imepotea kwa uchakavu peke yake. Lakini Unguja, merikani na kaniki zilikuwa vazi la mtumwa, na utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokombolewa walizikimbia wakajifunga kanga za rangi. Hawakuzisahau, walizikataa. Hapo mkusanyaji anakabiliwa na jambo zito kuliko bei. Ana haki gani ya kukitunza kile ambacho mwenyewe alitamani kisionekane tena? Na asipokitunza, nani atajua kwamba ile furaha ya kanga ilikuwa na nguo nyingine nyuma yake? Ni vigumu kumpa ruhusa, na ni vigumu zaidi kumnyima. Pengine kinachoweza kudaiwa kwake ni kimoja, asiuze nguo ikiwa bubu. Akisema ni ya mwaka fulani na nakshi fulani, aseme pia ilinunua nini, na nani aliivua.

Njia ya Tabora ina kisa kinacholiweka swali hili wazi kuliko hoja. Livingstone alifariki Chitambo Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai, wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, kwenye nchi ya Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Mbele kidogo wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Wale wapagazi, waliokuwa wamefunga mitumba maisha yao yote, wakaufunga mwili upya, safari hii kwa umbo la mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine. Wakatengeneza na furushi la pili, mabua ya mtama yaliyoviringishwa nguo kwa urefu wa mtu, na wengine wakalibeba kwa heshima kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika.

Mtumba wa kweli ulifika Bagamoyo Februari 1874, na Aprili yake ukazikwa London, Westminster Abbey. Ule wa uongo haukufika popote. Walipokuwa mbali na macho ya watu, wabebaji waliyatupa mabua vichakani, wakazitupa na nguo zake, kipande huku na kipande kule, wakarudi mmoja mmoja kuufuata msafara.